Viatu vya Kukimbilia

“Kesho wamenipa ruhusa ya nusu siku,” mke alisema huku akiweka bakuli la mboga mezani. “Nataka niende kutafuta viatu vya kukimbilia.”

Mumewe alikuwa fundi wa vitasa. Alikuwa amekaa akitoa vumbi la chuma kwenye kucha kwa ncha ya ufunguo ambao haujachongwa, na aliposikia hayo mkono wake ulisimama.

“Kukimbilia wapi?”

“Si kukimbilia mahali. Viatu vya mbio, mume wangu. Vya mazoezi.”

“Sasa unasema vya mazoezi. Mwanzo umesema vya kukimbilia. Mtu hakimbilii hewani. Anakimbilia mahali, au anakimbilia kwa mtu.”

Mama wa fundi alikuwa upande wa pili wa meza, akila taratibu kwa sababu ya meno yake machache. Aliinua uso. “Wewe nawe! Hiki nilichoshika ni kijiko cha kulia. Mbona huniulizi ninamlilia nani?”

Mke alicheka. Hakikuwa kicheko kirefu. Kilimponyoka tu puani, akakizuia kwa kiganja. Lakini mume alikisikia. Alisikia pia kwamba mama yake na mkewe walikuwa pamoja, upande mmoja, yeye akiwa upande wa pili peke yake.

Alisimama bila haraka. Alisogeza bakuli la mama yake pembeni ili lisimwagike, kisha akamshika mkewe ukosi wa shati la sare na kumvuta juu ya meza. Sahani zilianguka. Kofi la kwanza lilimpata sikioni, la pili mdomoni. Mke alipojinasua akaukimbilia mlango, teke lilimkuta kwenye kifundo cha mguu wa kushoto, akaenda chini kama nguo iliyokatikiwa na kamba.

“Kwa nani?” fundi aliuliza. Sauti yake haikuwa kubwa. “Mimi sina ugomvi. Nitajie jina tu. Unakimbilia kwa nani?”

“Kampuni,” mke alisema kutoka sakafuni. “Kampuni inataka tukimbie.”

“Hiyo kampuni ina ndevu?”

Alimpiga tena, mara hii mgongoni, kwa kiatu alichokivua mwenyewe.

“Basi, baba,” mama yake alisema, kijiko kingali mkononi. “Umeshamwonyesha. Inatosha, majirani wanakula.”

*

Alichosema mke kilikuwa kweli tupu. Alikuwa mlinzi kwenye lango la ghala la unga, na wapakiaji walimwita Kamanda, kwanza kwa kumtania kwa sababu ya urefu wake, baadaye kwa sababu jina lilikuwa limekwisha kumkaa. Kampuni ya ulinzi ilikuwa imetangaza kwamba walinzi wote watapimwa mbio uwanjani, na ambaye hatakuwa amemaliza mizunguko kabla ya filimbi arudishe sare siku hiyo hiyo. Alikuwa ameanza kujizoeza kuzunguka ghala kabla ya lindo. Akienda moja kwa moja alijimudu. Kwenye kona, mguu wa kushoto ulilala kwa ndani na maumivu yakapanda hadi gotini, akarudi langoni akichechemea, wapakiaji wakimpigia saluti za masihara.

Hakutaka kulipoteza lile lango. Mshahara ulikuwa jambo moja. Jambo lingine, ambalo hakuwahi kumwambia mtu, ni kwamba pale ndipo mahali pekee duniani ambapo yeye ndiye aliyeamua nani aingie na nani atoke.

Mumewe hakuwa mlevi, wala hakuwa mtu wa kuchukiwa mtaani. Alikuwa na utani mwingi, na alimchongea ufunguo ajuza yeyote bila kumdai pesa. Lakini kazi yake ilimpeleka mahali pabaya. Mara kwa mara aliitwa na mwanamume aliyerudi nyumbani akakuta kitasa kipya mlangoni. Fundi alipiga magoti, akafungua, mlango ukasukumwa, na ndani hamkuwa na kitu isipokuwa misumari ukutani palipokuwa pametundikwa picha. Yule mwanamume alisimama katikati ya chumba akiita jina la mkewe, kana kwamba amejificha nyuma ya pazia ambalo nalo lilikuwa limeondoka. Siku kama hizo fundi alifika kwake na kwenda kwanza kutazama kabati la nguo. Halafu ndipo alipowasalimu watu.

Na ndani ya nyumba yake mwenyewe hapakuwa na mlango ambao mkewe angeweza kujifungia asifikiwe. Vitasa vyote alivitia yeye.

*

Asubuhi mama mkwe alimkanda kwa kitambaa cha maji moto. Mdomo wa juu ulikuwa umevimba, na kifundo cha mguu kilikuwa kimejaa hata mfupa hauonekani.

“Mwanangu, ungesema raba,” bibi alisema. “Raba ni raba tu, haina pa kwenda.”

“Nitakumbuka, mama.”

“Usinikasirikie. Namjua huyu. Mkono wake unamtangulia, halafu yeye anaufuata nyuma anajuta. Baba yake hata kujuta hakujua.”

“Na wewe ulipigwa kwa ajili ya neno?”

“Mimi nilipigwa kwa ajili ya kunyamaza. Alisema ninanyamaza kwa dharau.”

“Ukafanya nini?”

Bibi alikikamua kitambaa, akakikunja, akakirudisha kwenye kifundo. “Nikamzaa huyo,” alisema.

Fundi aliingia kutoka kibandani kwake kabla maji hayajapoa. Alikuwa amenawa uso na kuvaa shati la kutokea. Alichuchumaa mbele ya mkewe, akautazama ule mguu, na macho yake yakajaa maji. Hakuwa anaigiza.

“Vaa, twende,” alisema. “Nitakununulia mimi mwenyewe. Mimi ndiye nitakayelipa, na tutachagua pamoja, niridhike na wewe uridhike. Umenisamehe?”

“Nimekusamehe.”

“Sema vizuri.”

“Nimekusamehe, mume wangu.”

“Mama, umesikia? Kanisamehe.”

“Nimesikia,” mama yake alisema, na kwenda kumwaga maji.

Mke alijifunga mtandio ukafika mdomoni. Njiani fundi aliwasalimu watu kwa furaha, amemshika mkono. “Nakwenda kumvalisha Kamanda wangu,” aliwaambia, na watu wakasema hongera.

*

Duka lilikuwa jembamba, viatu vimening’inizwa hadi darini kama vitunguu. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa mabega mapana, mwenye sauti ya kuitia wateja kutoka upande wa pili wa barabara. Walimwita Mama Soli.

“Karibu dada, karibu shemeji! Leo anavalishwa nani?”

“Mke wangu,” fundi alisema. “Tafuta kitu kizuri cha kike.”

“Cha kutokea au cha kazi?”

“Raba,” mke alisema haraka.

“Raba zipo nyingi, dada. Kuna za kutembelea, kuna za kusimamia kazini, kuna za kukimbi—”

“Za mazoezi.”

Mama Soli alimtazama, akautazama mtandio, akamtazama shemeji. “Sawa. Za mazoezi. Unataka ziweje?”

Hapo mke alisimama wima kama aliyeitwa kusoma mbele ya darasa. Maneno alikuwa ameyahifadhi. “Kisigino na vidole viwe usawa mmoja, nisiinuliwe nyuma. Chini pawe na sponji ya kutosha, maana uwanja ni mgumu. Ubavu wa ndani uwe imara, mguu usilale. Na iwe imetengenezwa kwa mguu wa kike, kisigino changu ni chembamba.”

“Eh! Nani kakufundisha?”

“Ndiyo,” fundi alisema. “Nani kakufundisha?”

“Mtaalamu wa viungo, pale zahanati.”

“Mwanamume?”

“Mwanamke. Mtu mzima sana, anatembelea fimbo.”

Mtaalamu yule alikuwa kijana wa kiume mwenye miguu mizima. Uongo ulimtoka mke kwa urahisi, kwa sababu ya mazoea, na fundi akaitikia kwa kichwa, akakaa kwenye kiti cha wateja.

Mama Soli alilowesha kitambaa, akampangusia nyayo, akamsimamisha juu ya kipande cha boksi kikavu. Aliposhuka, alama mbili zilibaki. Ya kulia ilikuwa na pengo katikati, kama unyayo wa kawaida. Ya kushoto ilijaa yote, pana, haina pengo hata kidogo.

“Huu umelala kabisa,” Mama Soli alisema. “Ulizaliwa nao hivi?”

Mke aliuvuta mguu wa kushoto nyuma ya wa kulia.

“Alianguka,” fundi alisema.

“Wapi?”

“Nyumbani.”

“Nyumba zenu zina utelezi,” Mama Soli alisema, akageuka kutafuta fimbo ya kuangulia viatu.

Fundi mwenyewe alichagua jozi ya kwanza. Ilikuwa ya waridi, yenye kumetameta ubavuni, kisigino kinene kama tofali. Mke aliivaa, akapiga hatua mbili.

“Zinakupendeza,” fundi alisema.

“Zinanisukuma mbele.”

“Zinakusukuma kwenda wapi? Simama vizuri.”

“Shemeji, anasema kweli,” Mama Soli alisema. “Huyu nyuma ameinuliwa. Akitua, anatua na kisigino, na goti ndilo linalopokea mzigo wote.”

“Goti ni lake au ni lako?”

Mama Soli alicheka peke yake. Alileta nyingine, bapa kama ubao, nyepesi. Mke aliposimama nayo alihisi mchanga uliokuwa sakafuni. Sponji haikuwamo. Alileta ya kiume iliyokuwa nene na ya usawa, lakini kisigino cha mke kilichomoka kila alipoinua mguu, kikapiga makofi. Fundi alianza kutazama saa. Ndipo Mama Soli alipopanda kwenye kigoda na kushusha boksi lililokuwa limefunikwa na mengine.

Viatu vilikuwa vya kijivu, vipana mbele, na uzi wa njano ubavuni. Alikiweka kimoja mezani na kuinama hadi jicho likawa sawa na soli. “Ona. Nyuma na mbele, usawa mmoja.” Alibonyeza soli kwa dole gumba, ikaingia na kurudi taratibu. Alikishika kwa mikono miwili akakisokota kama anayekamua nguo, nacho kikagoma. “Na huu ubavu wa ndani, shika. Mgumu. Mguu ukitaka kulala, unaambiwa amka. Ila nikwambie mapema, dada, misuli ya nyuma italalamika siku za kwanza. Haijazoea kunyooka. Anza kidogo kidogo.”

“Mbona kama viatu vya wagonjwa?” fundi alisema.

“Uzuri wake uko ndani, shemeji. Kama wa kwako.”

Mke alivivaa. Vidole vilipata nafasi ya kutawanyika. Mguu wa kushoto, pamoja na uvimbe wake, ulishikwa chini ya upinde kama umewekewa kiganja. Alijisikia kutaka kukaa kimya asije akaipoteza hali ile kwa kuisema.

“Sasa toka nje, kimbia kidogo,” Mama Soli alisema. “Hakuna mtu anayechagua raba akiwa ndani.”

“Ajaribu humu humu.”

“Humu? Aniangushie makabati?”

Fundi alisimama mlangoni. Alitazama barabara upande huu na upande ule. “Mpaka kwenye ule mwavuli wa muuza vocha,” alimwambia mkewe. “Halafu unarudi.”

*

Alikwenda mpaka kwenye mwavuli, akarudi. Maumivu yalikuwapo, yale ya jana, lakini mguu haukulala. Akaenda tena. Mama Soli alipiga makofi. “Umeona anavyotua? Laini!” Fundi naye alijikuta anatabasamu, mke wake alikuwa na mwendo mzuri, na watu walikuwa wanamtazama.

Mara ya tatu mke alifika kwenye mwavuli na hakugeuka.

Hakuwa anatoroka. Wazo hilo halikuwamo kichwani mwake hata chembe. Alikuwa anawaza uwanja, na uwanja una kona, na kwenye kona ndiko mguu wake ulikomsaliti kila siku. Mwisho wa safu ya maduka kulikuwa na kona. Alitaka kujua kama viatu vile vinajua kona. Alijiinamisha kidogo, akakanyaga kwa kushoto, akasubiri kuanguka. Hakuanguka. Mguu ulisimama wima chini yake, ukamsukuma, na akatokea upande wa pili akicheka kwa sauti, mtandio umeshuka shingoni.

Fundi aliona tu kwamba mkewe amepotea machoni pake.

“Anakimbia!” Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. Aliruka ngazi ya duka, akajikwaa, akainuka. “Mshikeni! Mshikeni, anakimbia!”

Barabara nzima iligeuka. Waliona mwanamke mrefu mwenye mdomo uliopasuka, kichwa wazi, amevaa viatu vipya ambavyo kibandiko cha bei kilikuwa bado kinapepea, na nyuma yake sauti ya mwanamume inaomba ashikwe. Hakuna aliyejua baadaye nani alilitamka neno kwanza.

“Mwizi!”

Mtu wa mkokoteni alinyoosha mguu. Mke alianguka kifudifudi, viganja vikachubuka kwenye kokoto. Alidhani amejikwaa, akaanza hata kusema samahani. Kisha teke likamkuta mbavuni, na jingine, na mwanamke aliyekuwa akiteka maji akampiga na ndoo mgongoni hadi mpini ukachomoka. Mtu alimvuta nywele kuinua uso wake watu waone. Mwingine, aliyekuwa anapita na hakuwa na habari yoyote, aliweka mfuko wake chini kwa uangalifu, akampiga ngumi moja ya shavu, akauchukua mfuko wake na kwenda zake.

“Mwanamke mzima!”

“Hawa ndio wanaotumaliza!”

“Leteni tairi! Nani ana tairi?”

Mke alijikunja akaficha kichwa kwa mikono. Alijua kujikunja; mwili wake ulijua pa kuficha nini. Lakini nyumbani miguu ilikuwa miwili. Hapa ilikuwa mingi, na ilitoka kila upande.

Fundi alifika. Aliona mgongo wa mkewe katikati ya miguu ya watu, na kwa mara ya kwanza aliona jambo lile akiwa amesimama nje yake. Alipiga kelele kama mtoto. Alijitosa, akasukuma, akapigwa kiwiko cha shingo, akaanguka juu yake.

“Mwacheni! Si mwizi! Ni mke wangu! Mke wangu!”

Walikoma. Walikoma mara moja, kama mashine iliyokatiwa umeme.

“Mke wako?” mtu wa mkokoteni aliuliza.

“Wa ndoa.”

“Sasa mbona ulisema ashikwe?”

“Alikuwa ananikimbia.”

“Aaah!” watu walisema, na sauti ile ilikuwa ya nafuu. Baadhi walicheka. Mwenye ndoo aliokota mpini wake. “Si ungesema mapema, bwana! Sisi tulidhani mwizi.” Mwingine alimpangusa mke vumbi begani, kwa adabu. “Pole, mama. Tusamehe. Tusingejua.”

Wanaume wawili walimwinua, mmoja huku, mmoja huku. Waliutwaa mkono wake wa kulia wakauweka katika mkono wa fundi, kama watu wanaorudisha kitu kilichookotwa.

“Chukua mkeo, kaka. Mengine mtamalizana nyumbani.”

Fundi alikuwa analia. Aliubana mkono ule hadi mifupa ikagusana, akamsogelea sikioni. “Umeona ulichonifanyia?” alisema. “Umeona? Twende nyumbani.”

Mke alivitazama vile vidole juu ya mkono wake, vyenye vumbi jeusi la chuma kwenye kucha. Kisha akawatazama watu. Walikuwa wameanza kutawanyika. Mtu wa mkokoteni alikuwa ameshainua mikono ya mkokoteni wake.

“Simjui huyu,” mke alisema.

Mtu wa mkokoteni aligeuka.

“Simjui. Mimi ni mwizi. Viatu hivi sikulipa. Nipelekeni polisi.”

*

Watu walitazamana, maana hakuna aliyewahi kuona mwizi wa namna hiyo.

“Amechanganyikiwa,” fundi alisema. “Mmempiga kichwani. Mke wangu, twende.”

“Mwenye viatu yuko wapi?” mtu mmoja aliuliza.

Mama Soli alikuwa ndiyo kwanza anafika, anahema, mkono kifuani. “Nyie watu wa wapi? Huyo nimempa mwenyewe aja—”

“Mama,” mke alimkatiza. Damu ilikuwa inamtiririka kutoka puani na hakuipangusa. “Sema kweli mbele ya watu. Nimekulipa?”

Mama Soli alifunga mdomo. Aliuona uso ule, ambao sasa haukuwa na mtandio. Jeraha moja lilikuwa bichi, la watu hawa. Jingine, la mdomoni, lilikuwa limeshaanza kukauka lilipofika dukani. Akautazama mkono wa shemeji ulivyoshika.

“Hujanilipa,” alisema.

“Na nimeondoka navyo?”

“Umeondoka navyo.”

“Basi nimeiba.”

“Nalipa!” fundi alisema. Alitoa noti mfukoni kwa mkono mmoja, zikamwanguka, akazikanyaga asije mtu akaziokota. “Nalipa sasa hivi, hizi hapa, chukua zote!”

“Siuzi tena,” Mama Soli alisema. “Vitu vya wizi haviuzwi mpaka polisi waseme. Huyu ni mwizi wangu.” Akamshika mke mkono wa pili, kwa nguvu. “Na yeyote atakayemgusa kabla sijafika naye kituoni, nitamshitaki yeye.”

Kwa muda mke alivutwa pande zote mbili. Fundi aliacha noti, akamsukuma Mama Soli kifuani, na alipoona haachii, akamtandika kofi. Lilikuwa kofi lile lile la mezani, la mkono unaotangulia. Lakini Mama Soli hakuwa mke wa mtu pale. Alikuwa mfanyabiashara wa barabara ile, na wengi walivaa viatu vyake kwa mkopo. Mtu wa mkokoteni alimpiga fundi ngumi ya pua. Mwenye ndoo alimpiga na ndoo, ambayo sasa haikuwa na mpini.

“Unampora mama mwizi wake?” mtu alifoka. “Una kichaa?”

Fundi aliketi kwenye mtaro. Alipaza sauti, “Ni mke wangu! Muulizeni mtu yeyote!” Lakini aliyepaswa kuulizwa alikuwa amekwisha kujibu.

*

Waliandamana kwenda kituoni, mwizi na mwenye mali mbele, watu nyuma. Mama Soli alimshika mke kiunoni, kwenye mkanda, kama wezi washikwavyo, na ule mkono ndio uliomzuia kuanguka.

“Mbavu?” alinong’ona.

“Upande mmoja tu.”

“Na viatu, vinakufaa lakini?”

“Kwenye kona cha kushoto hakikulala.”

“Nilijua. Nilijua nilipoona ule unyayo. Unavichukua?”

“Ninavichukua.”

“Basi nenda polepole, dada. Tembea kama mtu aliyekamatwa. Ukinyanyuka hivyo watashtuka.”

Mke alijaribu kuinamisha kichwa. Alitaka kucheka, na mbavu zikamkataza. Ndipo alipoanza kutetemeka, miguu kwanza, halafu yote, na Mama Soli akakaza mkono kwenye mkanda, akawageukia watu nyuma na kuwafokea wasisukume.

Polisi wa mapokezi alikuwa anakunywa chai. Aliona mlango umejaa watu, akaona mwanamke mwenye damu na mwanamke mwenye shavu jekundu, akasogeza kikombe mbali na karatasi zake.

“Nini tena?”

“Mwizi wa viatu, afande,” mtu wa mkokoteni alisema. “Tumemleta mzima.”

“Mzima huyu?” Polisi aliinuka kidogo kutazama miguu yake upande wa pili wa meza ya mapokezi. Viatu vilikuwa na vumbi na tone la damu, na kibandiko cha bei kilikuwa bado kinaning’inia. “Haya. Tusikilizane. Wengine wote nje. Mlalamikaji abaki, mtuhumiwa abaki. Mlalamikaji nani?”

Watu wote walimwonyesha Mama Soli. Mama Soli alikuwa anatazama dari.

“Nimeuliza, mlalamikaji nani?”

Mlangoni watu walisogea kumpisha mtu. Mke hakugeuka, aliijua ile pumzi, hata ilipokuwa inapita kwenye pua iliyovunjika. Miguu yake iliacha kutetemeka. Aliweka viganja vyote viwili juu ya meza ya mapokezi, vikaacha alama.

“Mlalamikaji ni mimi,” alisema.

Polisi alimtazama yeye, akawatazama watu, akaketi na kuchukua kalamu.

“Unamlalamikia nani?”

“Mume wangu.”